Ukanda wa Nne

Bukhara, Uzbekistani
14 Januari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Wazo na vumbi lake la saruji? Goti bado linakusumbua? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku si ya kusimuliwa. Asubuhi naanika soksi, mchana nazikuta zimeganda kama papa mkavu wa sokoni. Masomo ya ufumaji yanakwenda vizuri na mwezi wa saba, Mungu akipenda, niko nyumbani.

Naandika kwa mkono kwa sababu najua ujumbe wa simu unauita kelele. Mwalimu Kornelio amekubali kukuletea barua zangu kwenye simu yake na kupiga picha za majibu yako. Mshukuru sana jirani yetu huyo.

Baba, nataka kukueleza habari za mwenye nyumba wangu. Anaitwa Zulfiya, sisi wapangaji tunamwita Zulfiya-opa, yaani dada Zulfiya, ingawa ana wajukuu. Anadarizi. Mimi nimekua chini ya cherehani ya mama, nimelala juu ya mashuka yake ya maua, nilijua nimeona yote. Sikuwa nimeona kitu! Kitambaa chao kinaitwa suzani. Hutundikwa ukutani au kufunika kitanda cha bibi harusi. Kinakuwa na maua ya duara makubwa kama sinia, na makomamanga, na pembeni pilipili ndogo za kuzuia husuda. Uzi ni wa hariri, na unauingiza kwa sindano yenye ndoana, tundu baada ya tundu, mshono unafuatana kama mnyororo. Siku ya kwanza nilisimama mbele yake mpaka chai ikapoa.

Kinachonishangaza zaidi ni namna wanavyofanya kazi. Vitambaa vya zamani vilifumwa vyembamba, kwa hiyo wanashikiza kanda nne pamoja, upana wa shubiri moja na nusu kila mmoja, kisha anakuja mchoraji anachora maua yote kwa kalamu. Halafu wanazitenganisha tena! Kila ukanda unakwenda kwa mwanamke wake: mama, dada, shangazi. Kila mmoja anadarizi nyumbani kwake. Zikirudi zinaungwa, na maua yaliyokatwa katikati yanatakiwa kukutana. Hayakutani sawasawa hata siku moja. Zulfiya-opa ana suzani ya bibi yake ambayo ua moja ni jekundu upande huu na rangi ya matofali upande ule, tena nusu moja imepanda juu. Nilimwambia hapa wamekosea. Akasema, “Hapo ndipo ninapojua walikuwa wawili.”

Basi amenichorea ndogo, ya kutundika nyuma ya kiti changu siku ya sendoff, kabla sijaenda kwa Stanley. Ukanda mmoja nadarizi mimi, mmoja yeye. Mbili nimempa Venance, mwanafunzi mwenzangu anayekuja huko likizo, pamoja na hariri na sindano za ndoana. Mmoja ni wa dada Apolonia. Naomba umpelekee wewe mwenyewe Buguruni. Wa nne ungekuwa wa mama, kama angekuwepo. Utafutie mkono mzuri, labda shangazi Demetria.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Flaviana


Wazo
9 Februari 2024

Mwanangu Flaviana,

Marahaba. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Goti lipo, linanijulisha mvua kabla ya watu wa redio. Mpingo umeadimika, nachonga mninga siku hizi, na mikono haijakataa kazi.

Mzigo umefika. Huyo Venance ni kijana mwenye adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nimefungua, nimetazama. Umeniletea kipande cha mfano alichodarizi huyo mama, kidogo kama kiganja, nami nimekigeuza nyuma. Wewe unajua tabia yangu, kinyago chochote naanza kukitazama chini ya miguu, maana mbele kila fundi anajitahidi. Mwanangu, nyuma ya kile kitambaa ni safi kuliko mbele ya kazi za watu wengi. Hakuna fundo linaloning'inia, hakuna uzi uliokatiza njia. Huyo si mtu wa mchezo. Mpe heshima zangu, mwambie fundi wa Wazo amevua kofia.

Na mng'ao wake umenipa taabu kuuamini. Uzi ule ule mmoja, mahali pengine unang'aa, mahali pengine una kivuli, kwa sababu tu amegeuza mwelekeo wa mshono. Sisi tunafanya hivyo kwa msasa, kwa jasho. Yeye anafanya kwa kugeuza kidole.

Kuhusu ukanda wa mama yako, nimepata mtu. Si Demetria, macho yake yamechoka. Ni mtu mwingine, ana subira, usijali.

Kuhusu Buguruni, mguu huu bado. Ukitulia nitakwenda.

Baba yako,
Cyprian


Bukhara
3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na Mwalimu Kornelio na kuku wake wasiokoma kuingia kwetu. Huku baridi inaanza kulegea, miti ya aprikoti, ile ya matunda madogo ya njano, imetoa maua kabla ya majani.

Nilimsomea Zulfiya-opa maneno yako kuhusu nyuma ya kitambaa. Aliweka mkono kifuani, akainama kidogo, ndivyo wanavyoshukuru. Akasema katika maisha yake wanaume watatu tu wamewahi kugeuza kazi yake nyuma, na mmoja alikuwa anatafuta bei. Kisha akanimiminia chai nusu kikombe. Zamani nilidhani ni uchoyo. Kumbe kwao mgeni anayejaziwa kikombe anaambiwa anywe aondoke, na anayepewa kidogo kidogo wanataka akae. Mimi sasa napewa funda moja moja.

Wiki iliyopita tulitia rangi. Maganda ya komamanga yanatoa manjano, mizizi ya mmea fulani inatoa wekundu unaotulia machoni. Hariri inaingia kwenye sufuria ikiwa nyeupe kama mvi, inatoka ikiwa na moto. Yeye hapimi chochote. Anachovya kidole, anaonja, anatema, anaongeza kuni. Mimi na daftari langu la chuo tulikaa pembeni kwa aibu.

Sasa baba, niseme lililo moyoni. Nimeongea na dada kwa simu. Hajapata ukanda wowote. Hata hakujua kama upo. Na ameniambia wazi kwamba siku ya sendoff yangu hakai ukumbi mmoja na wewe.

Mguu unaokwenda Tegeta kutafuta mninga hauwezi kushindwa kufika Buguruni. Miaka minne sasa! Nakumbuka Jumamosi ile baada ya arobaini ya mama. Dada alikuja na kitambaa cha mteja, akaenda moja kwa moja chumbani, akakuta alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu, basi. Ulikuwa umeigawa kwa akina mama wa jumuiya bila kumwambia mtu. Yeye ndiye aliyejifunzia pale tangu darasa la nne. Hukumpa hata neno moja la maelezo, wala mimi hukunipa.

Sikuhukumu, wewe ni baba yangu. Ila bila dada mimi sikai kwenye kile kiti, na suzani yenye kanda tatu haitundikwi. Nimemwambia Stanley, naye ameelewa.

Na huyo mwenye subira ni nani?

Mwanao,
Flaviana


Wazo
28 Aprili 2024

Mwanangu Flaviana,

Salamu nyingi. Nisamehe ukimya. Mvua zimetunyeshea mpaka vumbi la saruji limekuwa uji, lakini nyumba haivuji na afya ipo.

Huyo mwenye subira ni mimi.

Usicheke bado, subiri. Ukanda ule ulipofika niliutandika mezani ili nifikirie nimpe nani. Nikafikiria wiki nzima. Kila mwanamke niliyemtaja nikaona mkono wake si wa Editha. Basi nikasema, kama wa Editha haupo, wangu ulioishi naye miaka thelathini na moja upo. Nikaenda kwa Anwar, yule anayeshona kofia karibu na msikiti, nikamwambia, “Nifundishe kushika sindano na usimwambie mtu.” Akanijibu, “Mzee Cyprian, hapa wanaume kibao wanashona kofia na hakuna aliyekufa. Kaa.” Alinifundisha siku tatu. Baada ya hapo nilikuwa nanawa mikono kwa sabuni mara mbili, naweka patasi kando, nadarizi toka asubuhi mpaka jua linapofika kwenye mlango.

Mwanangu, ile kazi ni tamu. Ina ukimya wa kuchonga bila kelele ya nyundo. Nilikuwa najidai.

Juzi nimemwonyesha Anwar. Akautazama, akaugeuza, akausogeza mbali, akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko. Ndipo akaniambia. Maua yote ni meupe! Nimejaza wekundu kila mahali ambapo si ua.

Sasa niambie kosa langu liko wapi. Ulisema kitambaa kinakuwa na maua. Sisi tukichonga ua kwenye ubao, ua lenyewe hatuligusi. Tunachora, tunachimba pembeni yake pote, ndipo ua linasimama. Mstari wa kalamu maana yake ni hapa patasi isiingie. Wewe hukuandika upande gani wa mstari. Na kile kipande cha mfano kilikuwa chekundu chote, bila upande. Uzi wa kijani uliokuwa kwenye mzigo sikuugusa kabisa, sikuona mahali pa kuuweka.

Hilo moja. La pili, uzi mwekundu umekwisha. Ulinipa wa kutosha maua, mimi nimeumaliza kwenye uwanja, na bado panabaki pengo la kiganja kimoja chini. Nimetafuta Wazo yote, uzi huo hakuna. Nitumie mwingine. Au niambie nifumue. Ni wiki kumi na moja, lakini ukisema nifumue nitafumua.

Kuhusu cherehani, umeniuliza na miaka minne sijajibu, basi najibu. Mama yako alikuwa akishona, mimi nachonga nje, nilikuwa nasikia ile pedali. Ikinyamaza nilijua anabadilisha uzi, nami nilipumzisha nyundo. Alipoondoka, mkono wangu ukawa unasimama wenyewe kusubiri pedali. Nikisimama haisikiki, nikiendelea haisikiki. Siku ya arobaini na moja nikawaambia akina mama waichukue sasa hivi, hata kitambaa kilichokuwa chini ya sindano sikukitoa. Apolonia sikumfikiria. Huo ndio ukweli na unaniuma. Siku aliyokuja, nikaona uso wake, nikainamia ubao wangu, na kila mwezi uliopita maelezo yakazidi kuwa magumu.

Ukanda wake upo hapa kabatini, nimeufunga kwenye kanga ya mama yenu usipate vumbi.

Baba yako,
Cyprian


Bukhara
12 Mei 2024

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimecheka mpaka wapangaji wamegonga ukuta, halafu nimefika kwenye habari ya pedali nikalia. Sikujua. Mimi nilidhani ulitaka chumba kiwe na nafasi.

Nimemwonyesha Zulfiya-opa picha aliyopiga Mwalimu Kornelio. Nilijiandaa kumwombea msamaha. Alivaa miwani, akaomba nikuze picha. Akauliza kazi yako. Nikamwambia unachonga miti. “Ah,” akasema, “amelichimba.” Akawaita majirani wawili, mmoja ametia rangi hariri miaka arobaini, wakaanza kubishana kwa Kitajiki, lugha yao ya nyumbani, wananyooshea kidole kingo za maua yako. Baadaye alinifafanulia. Wao wakijaza ua, ukingo wake unayumba kidogo, mkono unachoka. Maua yako yana ukingo mkali kwa sababu umeukaribia kutoka nje, kwa woga, pande zote. Alisema angekuwa na miaka ishirini pungufu angejaribu ukanda mmoja hivyo. Baba, huyo mama hasifii watu! Mimi tangu nifike amenisifu mara moja, na ilikuwa kuhusu wali.

Kwa hiyo usifumue. Ukifumua hata mshono mmoja sitakusamehe.

Lakini uzi sitakutumia.

Si kwamba haupo, upo chumbani kwangu nautazama. Lakini uzi wa kung'aa mwekundu upo Buguruni, kwenye meza ya dada sokoni, safu ya pili, karibu na riboni. Ulikuwepo hata kabla sijaondoka. Nenda na ukanda wako na wa kwake. Hayo uliyoniandikia kuhusu cherehani, mimi si mtu wa kwanza aliyepaswa kuyasoma.

Nakupenda sana, na leo najivunia zaidi.

Mwanao,
Flaviana


Bukhara
20 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu kwa wiki tano. Mwalimu Kornelio ananiambia unatoka asubuhi, unarudi jioni na mfuko, na ukiulizwa unasema unakwenda kazini. Kazi gani? Dada naye hapokei simu, ananiandikia tu kwamba yuko bize na tenda.

Mimi nimemaliza mtihani wa mwisho. Kanda zetu mbili hapa ziko tayari, Zulfiya-opa amezikunja kwenye karatasi na kuweka kichane kidogo cha pilipili kavu ndani, za kweli. Tarehe tisa Julai naondoka.

Sijui kama nibebe za kuunga au za kuweka sandukuni. Nijibu hata mstari mmoja, tafadhali.

Flaviana


Buguruni
30 Juni 2024

Mdogo wangu Flaviana,

Hujambo? Sisi hatujambo. Ushashtuka kuona mwandiko. Ni mimi, Apolonia. Baba yuko hapa kwenye stuli, mikono yake ina kazi, anasema niandike anayosema nisiongeze ya kwangu. Nitaongeza.

Anasema: marahaba, na hongera kwa mtihani. Anasema tusamehe, hatukuandika kwa sababu hapakuwa na mkono uliobaki.

Anasema alikuja hapa Mei tarehe ishirini na moja. Mimi nasema ilikuwa ishirini, Jumatatu, kwa sababu nilikuwa nakata mashuka ya harusi ya mtu. Nikaona kivuli mezani. Nikasema shikamoo kwa kuwa sikuzaliwa porini. Nikamuuliza, “Unataka nini, baba?” Akasema, “Uzi. Mwekundu.” Basi, kama mteja! Nikamwambia alete sampuli nilinganishe. Akafungua mfuko, akatandika kile kitu juu ya meza yangu.

Flaviana, nikakitazama. Nikasema, “Nani kaharibu hivi?” Akasema, “Mimi.”

Nilicheka. Sikutaka, kilinitoka tu. Nilicheka hadi Rukaiya wa meza ya pili akaja na maji akidhani nimepaliwa. Tangu tumzike mama sijacheka vile. Halafu nikasogea nikaona maua yenyewe, yale meupe, yamekaa wazi namna ile, na mishono yote midogo imelala upande mmoja, mtu mzima na miwani yake. Nikalia mbele ya wateja. Baba anasema hilo nisiandike. Nimeshaandika.

Aliniambia habari ya pedali akiwa amesimama. Sikumkaribisha kiti mpaka alipomaliza. Nimemwambia hasira bado ninayo, haijaisha yote, na akitaka iishe inabidi awe anakuja. Ndiyo maana anatoka asubuhi. Pengo lake alilimaliza wiki ya kwanza, kwa uzi wangu. Haufanani. Pale chini wekundu unakuwa mwingine kabisa, unaonekana toka mlangoni. Nilimwambia nitafute wa karibu zaidi, akasema acha.

Toka hapo amekuwa akija tu, ananichongea vishikio vya sindano kwa mabaki ya mninga huku mimi nikidarizi wa kwangu. Mimi nimejaza maua, nina akili zangu. Ule uzi wa kijani aliouacha nimeumalizia kwenye majani. Juzi tumeweka kanda zetu pembeni kwa pembeni. Lile ua kubwa la katikati limekatwa na mshono. Nusu iliyo kwangu imejaa, nyekundu, inafika ukingoni, inaingia kwa baba ikiwa nyeupe juu ya wekundu wake. Halafu nusu ya kwake imeshuka chini upana wa kidole. Nilitaka kuvuta kitambaa vilingane. Nikaangalia, nikaacha. Nikashona kwa mkono, baba akashikilia ncha ile nyingine isicheze, mpaka nikakata uzi.

Anauliza kama huyo mama Zulfiya anaweza kukupa sindano moja ya ndoana ya zaidi, ya kwake imepinda. Anasema pia umwambie ahsante ya nyuma na mbele, yeye ataelewa.

Uwanja wa ndege tunakuja wote wawili.

Kanda zetu tumeshaziunga. Leta za kwako.

Dada yako, Apolonia
na
Baba yako, Cyprian